Floridi Iliyofungwa: Kupima Majitaka ya Kuoshea Inoksi kwa Tindikali, na Swali la Watu wa Bukama

Mada ya mhadhara huu ni kipimo kimoja cha kikemia ambacho kwa nje huonekana kuwa kazi ya dakika tano, nacho ni kupima kiasi cha floridi katika majitaka yanayotoka mahali ambapo chuma kisichoshika kutu kimesafishwa kwa tindikali. Kifaa chake ni kidogo, huingia katika mkoba wa fundi, na tarakimu zake husomeka bila shida. Lakini tarakimu hizo zaweza kuwa ndogo mara kumi kuliko kiasi kilichomo majini, bila kifaa kuwa kibovu na bila mpimaji kusema uongo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba katika majitaka ya aina hii sehemu kubwa ya floridi huwa imefungwa na metali zilizoyeyuka pamoja nayo, kwamba mita huhesabu ile iliyo huru peke yake, na kwamba ripoti isiyoeleza jinsi floridi iliyofungwa ilivyofunguliwa kabla ya kusomwa haijajibu swali lililoulizwa.

Swali hilo linaihusu Bukama, nchini Kongo, kwa sababu ya mahali ilipo. Mto Lualaba huzaliwa katika nyanda za juu za kusini mwa Katanga, hupita katika ukanda wa shaba na kobalti wa Kolwezi ambako mito kama Musonoi na Luilu huuchangia maji, hushuka katika makorongo ya Nzilo, kisha hufika Bukama, mahali unapotulia na kuanza kubeba vyombo vya abiria na mizigo. Ndiyo sababu reli iliyotoka Elisabethville, leo Lubumbashi, ilifikishwa hapo mwaka 1918, mizigo ikahamishiwa majini kuelekea Kongolo, zaidi ya kilomita 600 kwa njia ya mto, na ndiyo sababu reli ya kwenda Port-Francqui, leo Ilebo, iliyokamilika mwaka 1928, ilianzia papo hapo. Chini ya Bukama mto huingia katika bonde la Upemba, lenye mabwawa ya mafunjo na maziwa kama Upemba na Kisale, na huko huungana na Lufira inayoleta maji ya upande wa Likasi. Kwa habari ya maji, basi, eneo hili la mkoa wa Haut-Lomami ni eneo la chini: kinachotiwa mtoni kusini hupita mlangoni pake, na samaki wanaokaushwa pembeni mwa maziwa hayo hurudi kwa reli kuliwa katika miji ileile ya migodi ambako maji yametoka.

Chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi wa Katanga hukiita inoksi kwa kufuata Kifaransa, si chuma kisichoweza kuliwa. Ni chuma kilichochanganywa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, ambayo ikikutana na hewa hujitandazia utando wa oksidi wa unene wa nanomita chache tu, na utando huo ndio unaoizuia kutu; Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, aliyeyeyusha chuma cha namna hiyo mwaka 1913, anatajwa kwa kawaida kuwa mwanzilishi wake. Aina mbili ndizo zinazotumika zaidi, ya 304 yenye takribani asilimia 18 ya kromiamu na 8 ya nikeli, na ya 316 inayoongezewa molibdenamu asilimia 2 hadi 3 ili istahimili chumvi na tindikali. Katika viwanda vya shaba hii ya pili ina kazi ya pekee, kwa kuwa mabamba yake hutumbukizwa katika mmumunyo wa salfeti ya shaba, umeme hupitishwa, shaba safi hujijenga juu ya bamba kisha ikabanduliwa kama ganda, na bamba hurudishwa kazini. Njia hiyo ilianzia Australia mwishoni mwa miaka ya 1970, na leo ni ya kawaida katika sekta ya shaba duniani. Ukiongeza mabomba, matangi, pampu na vali za kubebea tindikali, ni wazi kwamba penye kiwanda cha shaba cha kisasa pana inoksi nyingi ya kukata, kukunja na kuchomelea.

Kuchomelea ndiko kunakoharibu utando ule. Pembeni mwa mshono chuma hugeuka rangi, kikawa na michirizi ya bluu, ya kahawia na ya dhahabu, na chini ya rangi hizo hubaki tabaka jembamba lililopungukiwa na kromiamu, ambalo lisipoondolewa kutu itaanzia hapo hapo. Kuliondoa kwa brashi ya waya hakutoshi, na kwa hiyo hutumika tindikali, kazi ambayo mafundi waliosomea Kifaransa huiita dekapaji. Mchanganyiko uliozoeleka ni wa tindikali ya nitriki, kwa kawaida asilimia 10 hadi 20, pamoja na tindikali ya hidrofloriki ya asilimia 1 hadi 5, nao hutumiwa ama kwa kutumbukiza kifaa kizima katika pipa, ama kwa kupaka mshono ujiuji mzito kwa brashi, kuuacha kwa muda, kisha kuuosha kwa maji mengi. Nitriki huoksidisha metali. Hidrofloriki hupenya katika oksidi ngumu ambazo nitriki peke yake haiziwezi, na floridi yake hushikamana na ioni za chuma na kromiamu zilizong'oka, ikaziweka majini zisirudi kuganda juu ya bamba. Sifa inayoifanya tindikali hii ifae kiwandani, yaani upendo wake kwa metali, ndiyo inayoificha katika maabara, na msomaji akilishika jambo hilo moja atakuwa ameshika kiini cha mhadhara wote.

Inafaa kukumbusha, ingawa si mada yenyewe, kwamba tindikali ya hidrofloriki huitwa dhaifu kwa maana ya wanakemia tu, maana ya kwamba molekuli zake haziachi hidrojeni kwa wepesi. Udhaifu huo ndio hatari yake, kwa sababu molekuli nzima hupenya ngozi bila kuunguza mara moja, ikaifuata kalisi ndani ya mwili, na maumivu ya ile iliyozimuliwa huweza kuja saa kadhaa baadaye. Mahali popote inapotumika panapaswa kuwa na jeli ya glukoneti ya kalisi karibu na maji ya kunawa, na pasipokuwa nayo dekapaji isifanyike.

Wasomaji wa Kiswahili wanaijua floridi zaidi kwa meno kuliko kwa chuma. Katika miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha, na katika Bonde la Ufa la Kenya kuanzia Naivasha hadi Nakuru, miamba ya volkano huyapa maji floridi nyingi, meno ya watoto hutoka na madoa ya kahawia, na waliokunywa maji hayo kwa miaka mingi huweza kukakamaa mifupa na viungo. Mashariki mwa Kongo, moshi wa volkano ya Nyiragongo hutia floridi hata katika mvua inayokingwa mapaani. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Tanzania, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na maji mengine, iliwahi kuruhusu hadi miligramu 8, kisha 4, kabla ya kushuka kwenye 1.5. Kituo cha Ngurdoto karibu na Arusha na mradi wa maji wa Jimbo Katoliki la Nakuru vimejulikana kwa kuichuja floridi kwa mkaa wa mifupa. Uzoefu huo ni hazina ya Afrika Mashariki, lakini una mtego wake, kwa sababu maji ya Meru na Nakuru ni mepesi kupima: yana sodiamu na bikaboneti nyingi, chuma na alumini iliyoyeyuka ni kidogo, na floridi karibu yote iko huru ikingoja kuhesabiwa. Mpimaji aliyezoea maji hayo, akipewa chupa ya maji ya dekapaji na kufuata hatua zilezile, atapata jibu la uongo kwa mkono ulio safi.

Kabla ya mwaka 1966 kupima floridi kulikuwa kazi ya subira. Willard na Winter walionyesha mwaka 1933 njia ya kuitenga kwa ukenekaji, yaani kuchemsha sampuli pamoja na tindikali kali penye silika, ili floridi ipande na mvuke ikiwa imeungana na silikoni, kisha ikapozwa na kukusanywa upande wa pili, metali zikibaki nyuma. Kilichokusanywa kilipimwa kwa rangi, na njia ya rangi iliyodumu hadi leo hutumia zirkoniamu iliyoungana na rangi nyekundu: floridi humnyang'anya mwenzake zirkoniamu, rangi hufifia, na kadiri inavyofifia ndivyo floridi ilivyo nyingi. Njia hiyo ni ya bei nafuu na vifaa vyake hubebeka, lakini chuma, alumini na fosfati huivuruga, na hakuna majitaka ya dekapaji yasiyo na chuma. Kuitumia juu ya maji hayo bila kuyakeneka kwanza ni kupoteza dawa.

Mwaka 1966 Martin Frant na James Ross, wakiwa Massachusetts nchini Marekani, walitangaza elektrodi ambayo kichwa chake ni kipande cha fuwele ya floridi ya lanthanamu iliyotiwa yuropiamu kidogo. Fuwele hiyo ina nafasi tupu ndani yake ambamo ioni ya floridi, na karibu hiyo peke yake, huweza kuruka kutoka nafasi moja hadi nyingine. Ikitumbukizwa majini hujenga volti ndogo inayotegemea wingi wa floridi iliyo nje, na volti hiyo hulinganishwa na ile ya elektrodi ya rejea isiyobadilika. Uhusiano wake si wa mstari wa kawaida bali wa logi, maana yake kila floridi inapozidi mara kumi usomaji hushuka kwa takribani milivolti 59 katika nyuzi 25 za Selisiasi, na inapozidi mara mbili hushuka kwa takribani 18. Kwa hiyo kosa la milivolti moja ni kosa la karibu asilimia 4 katika jibu, na joto nalo lina neno lake, kwa kuwa katika chumba cha nyuzi 32, jambo la kawaida kandokando ya Lualaba, milivolti 59 huwa 60 na nusu. Viwango vya kulinganishia na sampuli sharti viwe na joto moja. Huo ni uangalifu usiogharimu chochote ila subira ya nusu saa.

Elektrodi hiyo huona ioni ya floridi iliyo huru, na huo ndio uzuri wake na ndio upofu wake. Tindikali ndiyo ya kwanza kuificha floridi, kwa kuwa katika maji machachu floridi hushikana na hidrojeni na kurudi kuwa hidrofloriki, ambayo fuwele haiioni. Kipimo cha uchachu, pH, kikiwa 3.2, nusu ya floridi iko huru na nusu imeshikwa; kikishuka hadi 2, iliyo huru ni sehemu 6 tu kati ya 100, na mpimaji anayetumbukiza elektrodi moja kwa moja katika maji ya kuoshea mshono husoma sehemu moja ya kumi na sita ya ukweli. Upande wa pili wa kipimo hicho una kosa lililogeuzwa: maji yaliyotiwa chokaa hadi pH ya 11 yamejaa haidroksidi, ioni inayokaribiana na floridi kwa umbo na chaji, nayo huibabaisha fuwele hata mita ikaonyesha floridi isiyokuwepo. Kwa hiyo maji yaleyale, yakipimwa kabla ya kutibiwa na baada ya kutibiwa bila kurekebishwa, yanaweza kutoa tarakimu ndogo penye nyingi na kubwa penye kidogo.

Tindikali na chokaa, hata hivyo, hurekebishwa kwa urahisi kwa kutia bafa, yaani mmumunyo unaoishikilia pH mahali pamoja, kati ya 5 na 5.5, ambapo zaidi ya asilimia 98 ya floridi huwa huru dhidi ya hidrojeni. Bafa iliyozoeleka hutengenezwa kwa tindikali ya asetiki, chumvi ya kawaida na soda kali, huchanganywa na sampuli nusu kwa nusu, na chumvi yake nyingi huvifanya viwango na sampuli viwe na hali moja ya umeme. Shida kubwa iko kwa metali. Chuma chenye chaji tatu hushika floridi kwa nguvu, alumini kwa nguvu zaidi, na kromiamu hushika kwa namna ya pekee ambayo vitabu vingi vya mafunzo huipita haraka. Muungano wa namna hii, ioni ya metali katikati ikiwa imezungukwa na floridi, huitwa changamano, na floridi iliyomo katika changamano ni kama haipo mbele ya elektrodi. Ndiyo sababu katika bafa hutiwa kiungo cha kuifungua, chenye makucha mengi ya kuishika metali yenyewe ili iiachilie floridi. Katika mapishi ya kawaida kiungo hicho hutiwa gramu 4 hivi kwa lita, kiasi kinachotosha kwa maji ya bomba na ya kisima lakini kinachozidiwa mara moja na majitaka ya dekapaji, ambamo chuma huhesabiwa kwa gramu, si kwa miligramu.

Hapa ndipo maabara nyingi huteleza. Dawa ya kwanza ni kuzimua sampuli, mara 100 au hata 1,000, ili chuma kishuke hadi kiasi ambacho bafa inakiweza. Ya pili ni kubadili bafa na kutumia yenye sitreti nyingi, chumvi ya tindikali ya ndimu, ambayo kwa wingi wake hukamata chuma na alumini nyingi kuliko kile kiungo cha kawaida. Na ya tatu, ambayo ndiyo hakimu wa mwisho, ni kurudi kwa Willard na Winter na kuikeneka sampuli. Kromiamu hudai subira zaidi, kwa sababu changamano zake huvunjika polepole mno hata mbele ya makucha yenye nguvu. Kwa hiyo sampuli iliyosomwa dakika mbili baada ya kutiwa bafa na ileile ikisomwa kesho yake huweza kutoa majibu mawili, la pili likiwa kubwa kuliko la kwanza, na mpimaji asiyejua sababu atalilaumu joto au betri. Kwa maji ya inoksi, ambayo kwa asili yake yana kromiamu, kungoja ni sehemu ya kipimo, na anayetaka kujua kama amengoja vya kutosha alinganishe jibu lake mara moja kwa mwezi na la sampuli iliyokenekwa.

Ipo njia nyingine ya kuishtua tarakimu ya uongo, nayo ni kuongeza kiasi kinachojulikana. Floridi ya sodiamu hupimwa kwa mizani, gramu 0.221 katika lita moja ya maji safi hutoa miligramu 100 za floridi kwa lita, na kiasi kidogo cha mmumunyo huo hutiwa katika sampuli iliyokwisha kusomwa. Ikiwa nyongeza ilitakiwa kuongeza miligramu 10 na mita ikaonyesha 4 tu, sampuli bado ina mikono mitupu ya metali inayonyakua floridi mpya, na hapana shaka iliinyakua pia ile ya zamani. Tarakimu ya kwanza basi itupwe. Jaribio hili ni la bei ndogo kuliko yote yaliyotajwa, na ni ajabu kwamba ndilo linaloachwa zaidi. Lina mpaka wake, hata hivyo, kwa maana kromiamu iliyokwisha kujifunga na floridi ya zamani huenda isiiguse mpya, na kwa hiyo kufaulu kwa nyongeza hakuondoi haja ya ukenekaji wa mara kwa mara.

Kuhusu chupa maneno ni machache lakini yana uzito. Tindikali ya hidrofloriki hula kioo, hivyo sampuli ichukuliwe katika plastiki ya polithini, na haihitaji kutiwa dawa yoyote ya kuihifadhi, ikikubaliwa kukaa hadi siku 28. Mazoea ya Katanga ya kupima maji yamekuwa mazoea ya metali, na kwa haki, kwani mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vilivyoonyesha kobalti nyingi mwilini mwa watu waishio karibu na migodi na viwanda. Chupa ya metali, lakini, hutiwa tindikali ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Fundi anayechukua chupa moja kwa kazi zote mbili huipeleka floridi maabara ikiwa imekwisha kufunikwa, na bafa dhaifu haitaweza kuifunua.

Baada ya kupima huja kutibu, na kutibu nako hutawaliwa na kemia isiyokubali kusihiwa. Chokaa hutiwa, chuma na kromiamu hutuama kama tope la haidroksidi, floridi huachiliwa na papo hapo hukamatwa na kalisi, ikatuama nayo kama floridi ya kalisi. Chumvi hii hata hivyo huyeyuka kidogo, takribani miligramu 16 kwa lita, na katika hizo floridi ni karibu 8. Kwa hiyo chokaa peke yake, hata katika mikono hodari, haifikishi maji chini ya hapo, na kiwandani kubaki kati ya 10 na 20 ni jambo la kawaida kwa sababu chembe ni ndogo mno na hazitaki kutuama. Anayetaka kushuka zaidi huongeza chumvi ya alumini baada ya chokaa. Ripoti inayodai kwamba maji ya dekapaji yalitiwa chokaa tu yakafika miligramu 1 kwa lita inastahili kutiliwa shaka kuliko ile inayokiri 12, kwa kuwa ya kwanza inaelekea kuwa imezimuliwa kwa maji mengine au imesomwa kabla ya floridi kufunguliwa. Nitreti, kwa upande wake, hupita katika chokaa kama haijaguswa, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Kuzimua ndiko kunakoirudisha hoja Bukama. Chukua kwa mfano pipa la dekapaji la lita 2,000 lililokwisha nguvu, lenye floridi gramu 30 kwa lita. Ndani yake mna kilo 60 za floridi. Zikimwagwa kwa siku moja katika kijito kinachotiririsha lita 50 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 4,320 kwa siku, kijito hicho kitabeba karibu miligramu 14 kwa lita, mara tisa ya kiasi cha maji ya kunywa. Kilo hizohizo zikiingia katika mto unaotiririsha mita za ujazo 100 kwa sekunde zitaonekana kama miligramu 0.007 kwa lita, tarakimu iliyo chini ya uwezo wa kuaminika wa elektrodi yoyote. Mtu anayesimama kwenye daraja la reli la Bukama na ndoo yake hawezi kuona tukio hilo, na akitoa cheti cha kwamba mto ni safi atakuwa amepima ukubwa wa mto. Mahali pa kupimia ni mdomo wa bomba na kijito cha kwanza kinachopokea, kwa siku ambazo dekapaji inafanyika, na tarakimu ya ukolezi iandamane na ya wingi wa maji kwa siku ili kilo zihesabiwe.

Hilo halimaanishi kwamba Bukama haina cha kupima nyumbani. Bonde la Upemba limekatika kwa nyufa za ardhi, na Katanga ina chemchemi za moto zinazojulikana, mojawapo ikiwa ya Kiabukwa, ambayo maji yake ya nyuzi 91 yaliendesha mtambo mdogo wa umeme kuanzia mwaka 1952, wa kwanza wa aina yake barani Afrika. Maji ya moto yanayopita katika miamba huokota floridi njiani, na kisima kilicho karibu na ufa wa ardhi huweza kuwa nayo bila kiwanda chochote kuhusika. Vipimo vya visima, vijito na maziwa ya Bukama vikichukuliwa sasa na kuandikwa daftarini, vitakuwa ushahidi wa hali ya asili siku ambayo mtu atauliza kilichoongezeka. Na kwa maji hayo, ambayo hayana chuma kingi kilichoyeyuka, bafa ya kawaida na elektrodi moja hutosha, pamoja na chupa za polithini, mizani na gramu chache za floridi ya sodiamu. Shule ya sekondari yenye mwalimu wa kemia anayeipenda kazi yake yaweza kuifanya.

Sheria za nchi hazijalala katika jambo hili. Kanuni za Madini zilizotolewa kwa amri namba 038/2003 ya tarehe 26 Machi 2003, Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu mazingira, na Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu maji, zote zinawabebesha wenye shughuli wajibu juu ya maji wanayoyatoa. Mhadhara huu haumtaji wala haumshtaki mwenye kiwanda yeyote. Unasema tu kwamba ripoti zitakazoletwa mbele ya wakuu wa eneo, machifu na mashirika ya wavuvi zitakuwa na safu ya floridi, na kwamba safu hiyo ni rahisi kujazwa vibaya kwa nia njema. Ripoti isiyotaja bafa iliyotumika, muda wa kungoja, jibu la nyongeza na mahali chupa ilipochotewa, hata ikiwa na mihuri mitatu, irudishwe kwa walioiandika.